Ghorofa ya Tano, Grünau

Jumatatu, 30 Septemba 2024, usiku

Nimefika salama. Ya angani hayana la kuandika: nimelala, nimeamka Istanbul, nimelala tena mpaka Berlin, halafu treni ya saa moja na robo mpaka Leipzig. Ninachotaka kukiweka hapa kabla usingizi haujanishinda ni nilichokiona niliposhuka kwenye tramu huku Grünau.

Niliambiwa tu kwamba ni mtaa wa pembezoni, kodi yake nafuu, usafiri wa uhakika. Hakuna aliyeniambia kwamba ninakwenda kukaa Michenzani ya kwetu Zanzibar. Majumba ya zege yamejipanga safu kwa safu, marefu, bapa, madirisha yamelingana kutoka juu mpaka chini, milango ya ngazi imepangwa kwa vipimo, na katikati ya jumba na jumba kuna uwanda wa majani. Nilisimama njiani na sanduku langu. Mwenzangu aliyekuja kunipokea, msichana wa Kameruni tutakayekaa naye fleti moja, akadhani nimechoka. Nikamwambia nimezaliwa kwenye jumba kama hili. Hakuniamini mpaka nilipomfungulia picha kwenye simu: jumba letu limepigwa kutoka upande wa mzunguko wa barabara, kanga na mashuka yamening'inia roshani zote, watoto chini na mpira. Akaitazama picha, akalitazama jumba lililo mbele yetu, akairudia picha. "Lakini haya yalifikaje kwenu?" akaniuliza.

Lifti hakuna. Tuko ghorofa ya tano. Nilipanda ngazi na sanduku bila kuuliza zimebaki ngapi, maana kituo cha kupumzikia kipo pale pale nilipokitarajia, kila nusu ya ghorofa.

Jumanne, 1 Oktoba

Bimkubwa alipiga simu ya video mapema. "Zungusha, mwanangu, niione nyumba." Nikamzungushia: kitanda, meza, jiko la umeme, choo chenye bafu. Nikatoka naye kwenye roshani. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mbona hakuna watu? Kumetokea nini huko?"

Sikuwa na jibu la haraka. Saa ile ile, kwetu, ngazi zinapita watoto wa skuli, muuza mkate wa kumimina yuko chini anaita, na Bi wa ghorofa ya pili ameteremsha kikapu chake kwa kamba, na pesa ndani. Hapa nimesimama robo saa nzima. Nimemwona mzee mmoja na mbwa, na gari la taka.

Mlangoni kuna karatasi ya maagizo ya nyumba. Nimeisoma na kamusi, neno kwa neno. Taka za karatasi zina pipa lake, za plastiki pipa la manjano, maganda na mabaki ya chakula pipa la kahawia, na zilizobaki pipa jeusi. Baada ya saa nne usiku hapatakiwi kelele. Na jambo ambalo sikulitegemea kwenye nchi ya baridi: kila asubuhi na kila jioni madirisha yafunguliwe wazi kabisa kwa dakika chache, hata kukiganda, hewa yote ya ndani itoke, la sivyo ukuta utaota ukungu. Nimelipenda agizo hilo. Limeandikwa na mtu anayejua kwamba jumba hufa kwa kuachwa lijiendee.

Alhamisi, 3 Oktoba

Leo ni sikukuu ya taifa, siku ambayo mwaka 1990 Ujerumani mbili zilikuwa moja. Maduka yote ya mtaani yamefungwa. Mwenzangu alinionya jana, tukanunua mchele, mayai na vitunguu.

Nilishuka kutupa taka, nikamkuta bibi mmoja mbele ya mapipa. Anakaa ghorofa ya kwanza. Kijerumani changu ni cha darasa la miezi michache Dar es Salaam, lakini yeye huongea polepole, kwa sentensi fupi, na akiona sijaelewa hulisema jambo upya kwa njia nyingine bila kupandisha sauti. Aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia Zanzibar hakusema habari za fukwe kama wanavyosema wengi. Alisema, "Hiyo ilikuwa upande wetu." Alikuwa na maana ya Ujerumani Mashariki.

Ni kweli, na mambo haya kwetu tunayajua nusu nusu tu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki. Wakaja madaktari, walimu na wahandisi wao. Zikajengwa nyumba za mtaa wa Kikwajuni kwanza. Ulipokuja Muungano na Tanganyika mwezi wa Aprili, Ujerumani Magharibi ikakasirika kwamba nchi moja inazitambua Ujerumani zote mbili, na mwaka 1965 ubalozi wa Mashariki pale Unguja ukabakia na cheo cha ubalozi mdogo. Lakini kazi ya ujenzi iliendelea. Mwaka 1968 mpanga miji wao, Hubert Scholz, akachora ramani mpya ya eneo la Ng'ambo mjini Unguja, na ndani ya ramani ile ndimo yalimotoka majumba ya Michenzani.

Nilimwonyesha bibi jirani picha. Alivua miwani, akaisogeza simu karibu na jicho. Kumbe enzi zake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabamba ya zege, yale yanayokuja na dirisha lake tayari na kupandikwa kwa winchi. Akanishika mkono akanipeleka ukutani, akapitisha kidole kwenye mshono baina ya bamba na bamba, ulionyooka kutoka ardhini mpaka paani, umejazwa mpira wa kijivu. "Hapa ndipo maji huingilia," akasema. "Ukitaka kujua hali ya nyumba, usitazame rangi, tazama mshono." Halafu akarudi kwenye picha. "Nyumba zenu sioni mishono."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na bibi yangu: watu walijenga kwa kujitolea, wakibeba mchanga, kokoto na matofali, wanawake kwa wanaume, wafanyakazi wa serikali na wanafunzi wa skuli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Na walifurahi, walipopewa funguo?"

Ijumaa, 4 Oktoba

Nyumbani tunaswali tukielekea kaskazini, maana Makka iko karibu moja kwa moja juu yetu kwenye ramani. Hapa kibla iko kusini-mashariki. Nimeitafuta kwa dira ya simu, kisha nikaihakiki kwa jua la adhuhuri, fizikia yangu isiwe ya karatasi tu. Msala nimeutandika mshazari baina ya kitanda na meza. Nilipoinua uso baada ya salamu, mbele yangu palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha majumba. Nyumbani ni hivyo hivyo.

Swali la bibi jirani bado linanizunguka. Bibi yangu alifurahi? Nimemsikia mara nyingi akihadithia nyumba yao ya udongo iliyobomolewa Ng'ambo kupisha ujenzi: ua wenye mkomamanga, jiko la mafiga matatu, baraza ambayo wapita njia walikaa bila kukaribishwa. Nimemsikia pia akisema kwamba usiku wa kwanza kwenye fleti alikuwa akiwasha na kuzima taa, akiwasha na kuzima. Yote mawili huyasema kwa sauti ile ile. Sijawahi kumwuliza lipi lilikuwa zito zaidi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku nzima ofisini. Mtu akihamia nyumba hapa ana wiki mbili za kujiandikisha kwa serikali ya mji, na bila karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia, huandikishwi. Bila kuandikishwa, kufungua akaunti ya benki ni taabu. Bila akaunti, bima ya afya na mengine yanakwama. Kila karatasi imeshika mkia wa nyenzake. Mimi nina ufadhili, kwa hiyo nimepita. Mwenzangu wa Kameruni hakuwa nao: kabla ya kupewa viza, ukoo mzima ulichanga na kiwanja kikauzwa ili aweke euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo humtolea euro 992 kwa mwezi. Kila anaponunua mkate anakikumbuka kiwanja. Aliyasema hayo tukiwa foleni, mkono wake umekamata faili kifuani, na nikaona aibu kwa kuwa wiki nzima nilikuwa nikimlalamikia baridi.

Jioni bibi jirani alikuwa mlangoni. Ameniambia kwamba leo, tarehe 7 Oktoba, ndiyo siku nchi yake ya zamani ilipozaliwa, mwaka 1949. Ingekuwa na miaka 75. Hakuonyesha furaha wala huzuni. Aliniuliza kama karatasi zimetimia.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimetoka mjini sasa hivi, vidole vinanuka nta. Uwanja wa Augustusplatz, mbele ya jengo la chuo, watu waliwasha mishumaa kwenye vikombe mpaka ikasomeka 89. Usiku wa tarehe kama ya leo, mwaka 1989, watu wasiopungua 70,000 walitoka makanisani, la Mtakatifu Nikolai na mengine, wakaizunguka barabara kuu ya mji huku askari wakiwa tayari na silaha. Walikuwa na mishumaa. Hospitali ziliambiwa zijiandae kwa majeruhi. Haikufyatuliwa risasi hata moja, na mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka.

Nilitaka kusikia ya bibi jirani. Yeye usiku ule hakwenda. Mume wake alikwenda, yeye akabaki na watoto wawili ghorofa ya kwanza, taa zimezimwa, akisikiliza kila gari linalopita. Nimeandika hili kwa sababu vitabuni wamo wale 70,000, na waliobaki nyumbani na watoto hawamo. Bila wao hao wengine wasingetoka.

Kwenye tramu ya kurudi nilikaa mbele, karibu na dereva. Wanafunzi waliotutangulia wametufundisha hivyo kwa safari za usiku. Uchaguzi wa jimbo hili la Saxony ulifanyika tarehe 1 Septemba, na chama kinachotaka wageni wapungue kilipata zaidi ya asilimia 30 ya kura. Ninapotazama nyuso kwenye tramu ninahesabu bila kukusudia: karibu mmoja katika watatu. Sipendi hesabu hii. Inanifanya nimtazame vibaya mtu ambaye hajanifanya lolote. Lakini mtandio wangu unaonekana kutoka mbali, na hofu yangu nayo si ya kubuni, kwa hiyo nitaendelea kukaa mbele.

Jumatatu, 14 Oktoba

Masomo yameanza. Idara ya fizikia iko Linnéstraße. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1409. Mwaka 1927 kilimleta Werner Heisenberg kuwa profesa akiwa na miaka 25, na kwa muda Leipzig ikawa moja ya shule kubwa za makanika ya kwanta duniani. Felix Bloch na Edward Teller walipata udaktari wao hapa. Mwalimu wangu wa fizikia skuli ya Lumumba alikuwa akituambia majina haya ubaoni, chaki imekatika vipande, na darasa halina hata waya wa kufanyia jaribio. Natamani angekuwepo leo nilipokaa mstari wa tatu.

Mhadhiri aliingia, akasalimu, akaanza. Hakuuliza nani katoka wapi. Kwa saa moja na nusu hapakuwa na Mwafrika wala Mjerumani, palikuwa na milinganyo, na mingi niliijua. Sijui nitumie maneno gani kwa raha ile. Tangu nifike nimekuwa mtu asiyejua pipa la taka na asiyejua kitufe cha tramu, na ghafla nimekaa mahali ambapo ninajua kinachofuata kabla hakijaandikwa.

Alipomaliza, wanafunzi wote waligonga meza kwa vifundo vya vidole. Ndivyo wanavyopongeza hapa. Nikagonga nami.

Jumapili, 20 Oktoba

Bibi jirani alinikaribisha chai. Alikuwa ameoka keki ya tufaha na aliuliza kwanza kama ndani yake kuna kitu nisichokula. Akanisomea viungo kimoja kimoja. Fleti yake ni chumba kwa chumba sawa na yetu, ila madirisha yamejaa maua.

Walihamia mwaka 1979. Grünau ilikuwa bado matope. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1976, na majumba yalikuwa yakiota mbele ya macho yao. Kabla ya hapo walikaa Plagwitz, kwenye nyumba ya zamani karibu na viwanda, choo kiko kwenye kituo cha ngazi na wanakitumia familia kadhaa, maji ya moto mpaka uwashe makaa, paa linavuja. Walipoingia hapa, mume wake alifungua bomba la maji ya moto akaliacha likimwagika, wakasimama wote wakilitazama. Akaniigizia mwendo wa mkono wa mumewe kwenye bomba. Nikamwambia habari ya bibi yangu na swichi ya taa.

Hapo ndipo nilipogundua jambo nililolikosa tangu nilipofika. Ramani ya Michenzani ni ya 1968. Jiwe la Grünau ni la 1976. Mimi nilikuwa nikiyatazama majumba haya kama asili, na yetu kama nakala iliyochakaa. Kumbe kwa umri majumba yetu ndiyo makubwa. Bibi yangu alikuwa akibeba mchanga wakati hapa palikuwa bado mashamba.

Na liko lingine. Mwishoni mwa miaka ya themanini Grünau ilikuwa na watu wapatao 85,000. Baada ya 1990 viwanda vilifungwa, vijana wakaenda magharibi, fleti zikawa tupu, na baadhi ya majumba yakabomolewa. Leo wako kama nusu tu ya wale. Bibi jirani alinionyesha dirishani mahali palipokuwa na jumba la rafiki yake. Ni majani sasa. Majumba haya yalikuwa na bomba zima, vipasha joto, mishono iliyokarabatiwa, na yakabomolewa kwa kukosa watu. Ya Michenzani yalikosa maji ya kupanda juu, mama zetu wakabeba ndoo ngazi kwa ngazi miaka na miaka, kuta zikaingia moshi wa makaa, na hayakukosa watu hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari hupishana ngazini. Ukitokea msiba fleti moja, milango ya ngazi nzima inakuwa wazi. Wageni wakija kwetu huyapiga picha na kusema ni mabaya. Nimechoka na neno hilo. Nataka atakayeandika habari zake aanze na wale waliobeba mchanga, kisha wale waliobeba maji.

Mchana tulitembea mpaka ziwa la Kulkwitz, mwendo wa miguu kutoka hapa. Lilikuwa shimo la makaa. Waliyachimba makaa yakaisha, wakaliachia maji. Safi, tulivu, unaona mawe chini. Harufu ya chumvi hakuna. Nilionja kwa kidole ili nafsi iamini.

Jumapili, 27 Oktoba

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma. Mpaka jana tulipishana na nyumbani saa moja, leo saa mbili. Jua limechomoza kabla ya saa moja asubuhi na litazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Sisi tunaohesabu saa kutoka mapambazuko, na mapambazuko yetu hayachezi sana mwaka mzima, hili linatutikisa zaidi ya baridi. Magharibi imeniingilia nikiwa bado na hesabu za alasiri mezani. Desemba, wanasema, mchana utabaki wa saa nane.

Nimempigia kaka. Nimemwambia aende kwa bibi baada ya Isha, siyo na zawadi tu, bali na simu yenye chaji, arekodi. Bibi ana miaka themanini na zaidi, na rafiki zake aliobeba nao mchanga wamebaki wachache. Kaka akauliza amwulize nini hasa. Nimemtumia hivi:

Mchanga ulitoka wapi na ulibebwa na nini. Siku gani za wiki mlijitolea, na nani alikuwa akiwasimamia. Wajerumani mliwaona kwa macho, walikula nini, walijua Kiswahili? Walipokuja kubomoa nyumba ya ua, mliambiwa siku ngapi kabla? Mkomamanga ulikatwa, au uliachwa? Funguo za fleti alikukabidhi nani? Usiku wa kwanza, zaidi ya taa, ulifanya nini? Na ulifurahi, bibi?

Kaka amenijibu kwamba maswali ni mengi, atakwenda nayo jioni mbili. Nimemwambia aende hata jioni kumi, na swali la mkomamanga asilisahau.